Mheshimiwa kaja jimboni, tumwombe nini?

KUJUA kwamba mheshimiwa mbunge kaja jimboni hakuhitaji tangazo la redio. Watazame wapambe. Wale ambao miezi mitatu ulikuwa huwaoni hata kwa dawa, leo wamekaa kijiweni tangu saa moja asubuhi, mashati yamepigwa pasi, simu mbili mbili mkononi. Wanaongea kwa sauti ya chini kama watu wanaotunza siri za serikali.

"Kaingia usiku wa manane," mmoja anakunong'oneza. "Ratiba yake imebana kweli, lakini wewe usijali, nitakuchomekea."

Basi ujue mambo yameiva. Kabla chai haijapoa vumbi litatimka kule barabarani, shangingi litatokeza pua, watoto watalikimbilia, na juma la ziara litakuwa limeanza.

Leo safu hii inamfuata mheshimiwa huyo juma zima, siku kwa siku. Usinitafutie kesi, mwenzangu: simsemi fulani. Namsema mbunge wa jimbo la vijijini hapa Tanzania Bara, awe mama au baba, awe wa chama hiki au kile. Juma lake halina tofauti kubwa ukienda Newala au ukienda Karagwe. Wala shabaha yangu si yeye. Shabaha ni sisi tunaompokea.

Nimehudhuria mikutano mingi ya namna hiyo, na kazi yangu huwa ni kuandika kinachoombwa. Ukiiweka orodha ile kando ya sheria na bajeti za nchi hii unaona kioja: karibu kila tunachomwomba mbunge kama hisani, kimeshaandikwa mahali fulani kama haki. Tunaomba cha kwetu wenyewe, tena kwa magoti, na tukipewa robo yake tunapiga vigelegele.

Haya, tupande garini.

IJUMAA: SIMU HAINYAMAZI

Bunge likishaahirishwa Ijumaa pale Dodoma, mheshimiwa anashika njia, na gari linageuka ofisi. Kadi ya mchango wa harusi kutoka kwa mtu aliyemshikia kipaza sauti siku moja ya kampeni. Ada ya mtoto. Nauli ya mgonjwa kwenda hospitali ya rufaa. Kijana kamaliza chuo, "nisaidie hata ulinzi, mheshimiwa." Zamani angeweza kusema benki zimefungwa. Siku hizi pesa inakwenda kwa simu hata usiku wa manane, kisingizio hakuna.

Hapa nimhurumie kidogo. Posho na mshahara wa mbunge ni minono ukiilinganisha na ya mwalimu, hilo halina ubishi. Lakini jimbo lina maelfu kwa maelfu ya watu, na kila mmoja anaamini ni yeye peke yake aliyepiga simu. Akiwapa wote atalala njaa. Akiwanyima ataitwa mchoyo, na jina la mchoyo likishakushika jimboni halitoki kwa sabuni.

Kwa nini basi asizime simu akalale zake? Kwa sababu historia inamtisha. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wapiga kura waliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja ana alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Watu wakadhani ni sherehe tu, wakubwa watapita. Wapi! Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa kule kwao Mwanza. Tangu hapo kila mbunge anajua kwamba ukubwa wa mjini haupigi kura. Kura ziko vumbini, na vumbi lazima ulifuate.

JUMAMOSI: MSIBANI NA MPIRANI

Asubuhi ni msiba. Mheshimiwa anavua viatu, anaketi mkekani na wazee, anatoa rambirambi. Mchana ni fainali ya kombe lake: bingwa anapata ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu jezi.

Hapa sina ugomvi na mtu. Kuzikana ni utu, na sisi hatumwambii mfiwa akasome bajeti. Mbunge asiyejua njia ya makaburini kwao si mwenzetu hata kidogo. Na mpira ni raha, mwacheni arushe shilingi kabla ya mechi, apigwe picha na vijana.

Neno langu ni moja tu: siku hii isile juma zima. Maana wapo waheshimiwa ambao kila siku yao ni Jumamosi. Ukiuliza kafanya nini miaka mitano unatajiwa misiba aliyohudhuria.

JUMAPILI: KAPETI NA SPIKA

Leo ni harambee. Kanisani wanataka spika mpya na kinanda. Ijumaa iliyopita msikitini waliomba kapeti. Mheshimiwa anataja kiwango, watu wanapiga makofi, mshereheshaji anauliza kwa utani, "Na mama watoto je?" Anaongeza.

Vijana wa leo huenda hawajui kwamba neno takrima liliwahi kuwa ndani ya sheria ya nchi. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, ukitolewa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Jamani! Pilau likageuka la kisheria. Wakaenda mahakamani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wa LEAT na NOLA, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavitupa vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka hata na mtoto: mwenye pesa na asiye na pesa hawawezi kuitwa sawa mbele ya mpiga kura kama mmoja wao anaruhusiwa kupika pilau. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi kuweka mipaka ya matumizi.

Sheria ikafa, mazoea yakabaki hai. Na mazoea hayo hayako kwa mbunge peke yake. Yako kwa yule mshereheshaji anayeuliza, "Na mama watoto je?" Yako kwa mimi na wewe tunaocheka na kupiga makofi.

JUMATATU: BOMA LA SHULE

Sasa tunaingia kwenye kazi. Wanakijiji wamejitolea, wamefyatua tofali, wamechota maji na mchanga, wakapandisha madarasa mawili hadi usawa wa lenta. Huko ndiko yalikokwama. Nchi nzima majengo ya namna hiyo yanaitwa maboma, na ukipita barabara za vijijini utayaona yamesimama na nyasi ndani, yakisubiri bati.

Mwalimu mkuu anasoma risala. Mwisho wa risala, kama kawaida: "Tunakuomba mheshimiwa utusaidie mabati." Mheshimiwa anasimama. Anaahidi bando kadhaa. Shangwe! Mama mmoja anamvika kanga, ngoma inalia.

Tusimame hapo. Tangu mwaka 2016 serikali ilitangaza elimu bila ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na ikawa inapeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja shuleni. Kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi kiliwekwa tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002. Kukamilisha maboma nako huwa kuna fungu lake katika bajeti za halmashauri. Maana yake ni nini? Kabla ya kuomba bando, lilitakiwa liulizwe swali: boma letu limeingia kwenye bajeti ya mwaka huu au halimo? Kama halimo, nani alilitoa? Kama limo, fedha iko wapi?

Hakuna aliyeuliza. Bando likipatikana litaezeka darasa moja. La pili litasubiri ziara nyingine.

JUMANNE: BODABODA NA TOPE

Leo kata ya mbali. Gari linapiga mweleka mara mbili kwenye tope, vijana wanalisukuma, mheshimiwa anashuka na viatu vyake vya Dodoma. Anajionea mwenyewe. "Hii barabara ni aibu," anasema, na kila mtu anaitikia.

Pale senta wanamsubiri waendesha bodaboda wa kijiwe kizima. Wana risala yao. Wanaomba reflekta, kofia ngumu, na kama moyo wake utampendeza, mchango kidogo kwenye mfuko wao wa kukopeshana.

Nami nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na sababu iliyotolewa ilikuwa barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kwa kazi hiyo. Tuseme kijana mmoja anachoma lita mbili kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kwa nyongeza ile peke yake amelipa shilingi 60,000. Kijiwe chenye pikipiki 40 kimelipa shilingi 2,400,000. Mwaka mmoja! Na hiyo ni nyongeza tu. Tozo ya barabara ya siku zote iko pale pale chini yake, ikienda kwenye Mfuko wa Barabara.

Yaani vijana hawa si ombaomba. Ni wafadhili wa barabara. Wamelipia lile tope kila walipofungua tangi. Aliyetakiwa kusoma risala siku ile ni upande wa pili: meneja wa TARURA wa wilaya aje na karatasi, aseme barabara hii imetengewa shilingi ngapi mwaka huu, mkandarasi ni nani, anaanza lini. Badala yake walipewa ahadi ya reflekta. Reflekta ni kitu kizuri, inaokoa maisha gizani. Ila haizibi shimo.

JUMATANO: AKINA MAMA WA VIKOBA

Hii ndiyo siku niliyoingojea. Akina mama wamevaa sare, wameimba wimbo wenye jina la mheshimiwa ndani, mweka hazina kasoma mapato ya kikundi hadi senti ya mwisho. Mwishoni wanaomba "chochote" cha kutunisha mfuko.

Sheria inasemaje? Mwaka 2018 iliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Si ombi, ni sheria. Mwezi Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji wake, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, kulalamikia mara kwa mara mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Katika mwaka wa fedha 2024/25 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya.

Katika mkutano mmoja wa namna hii, kata sitaitaja, alisimama mama mmoja ana mtoto mgongoni. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Mheshimiwa alikuwa ameshamwamkia bibi mmoja wa mstari wa mbele, "Shikamoo mama," kaitikiwa "Marahaba mwanangu," mambo yanakwenda murua. Mama yule akaomba dakika moja.

"Mheshimiwa, mimi siombi hela," akasema. "Naomba kujua. Ile asilimia nne ya akina mama ya mwaka jana ilikuwa shilingi ngapi, na walipewa akina nani?"

Kimya. Ungesikia inzi akipita. Mheshimiwa akamgeukia ofisa maendeleo ya jamii. Ofisa akaangalia makaratasi yake kana kwamba maandishi yamehama. Mshereheshaji, kwa haraka ya mtu aliyezoea kazi, akanyakua kipaza sauti: "Akina mama, hebu tumwimbie mheshimiwa!"

Wakaimba. Mama yule akaketi. Mheshimiwa akatoa shilingi laki tano, kikundi kikalipuka kwa furaha, na picha zikapigwa.

Nimelifikiria jambo hili siku nyingi. Laki tano zile zilikuwa bei ya swali. Si kwamba mheshimiwa alikusudia kulinunua. Huenda moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Lakini ukishapokea mbele za watu, kesho utasimamaje kumuuliza aliyekupa? Kwetu kuna adabu yake. Mla kwa mtu hamkaripii mwenye nyumba. Ndivyo hisani inavyoimeza haki: haipigani nayo, inaifunika kanga tu.

Na wewe ujiulize, hiyo asilimia nne, kama kweli ilitengwa, ilikwenda kwa akina mama wa wapi? Kwa sababu kama kikundi kinachotunza senti kwa daftari hakikuipata, yupo aliyeipata.

ALHAMISI: ZAHANATI

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM wa kuanzia mwaka 2007, ulisema zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Leo tuko kwenye zahanati mojawapo. Jengo lipo, rangi ipo. Mzee mmoja anasema kilichopo moyoni: "Ukija hapa unapewa karatasi, dawa unaambiwa kanunue dukani."

Mheshimiwa anasikitika kwa dhati. Anaahidi kuleta maboksi mawili ya dawa na godoro za wodi ya wazazi.

Tena tusimame. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo chenyewe, bila kupitia mikono mingi. Na kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wanakijiji. Mzee yule analalamika kwa mbunge aliyetoka mbali, wakati mjumbe wa kamati ni jirani yake anayekunywa naye kahawa kila jioni. Je, kamati imekaa lini mara ya mwisho? Dawa ziliagizwa Bohari ya Dawa lini, zilikuja ngapi, zilizokosekana ni zipi? Majibu ya maswali hayo hayako Dodoma. Yako kwenye kabati la mganga wa zahanati, na ufunguo wake ni mkutano wa kijiji.

Simtetei mbunge hapo. Yeye naye alitakiwa aombe kitabu cha dawa kabla ya kuahidi boksi. Dakika tano tu za kukipekua zingemwonyesha kama tatizo ni Bohari, ni halmashauri, au ni mkono mrefu wa mtu wa hapo hapo. Kila tatizo katika hayo lina dawa yake tofauti, na hakuna hata moja linaloponywa kwa boksi mbili.

IJUMAA TENA: KITI KITUPU

Juma linaisha, mheshimiwa anawaza safari ya kurudi. Kumbe asubuhi hiyo hiyo, kwenye ukumbi wa halmashauri, linakaa baraza la madiwani. Kwa sheria mbunge ni mjumbe wa baraza hilo. Humo ndimo zinamosomwa taarifa za robo mwaka, humo ndimo bajeti ya wilaya inamopita kabla ya kupanda mkoani na Dodoma. Boma la Jumatatu, asilimia nne ya Jumatano, zahanati ya Alhamisi, vyote vinapita kwenye meza ile. Hakuna ngoma pale, hakuna vigelegele, ni makabrasha tu na chai ya rangi. Ndiyo maana viti vya waheshimiwa wengine pale vina vumbi kuliko barabara tuliyopita Jumanne.

Mtu ataniambia: lakini mbunge ana mfuko wake wa jimbo! Upo, kweli. Uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, unaitwa Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Hata hivyo fedha zile ni za umma, zinaingia akaunti ya halmashauri na zinakaguliwa. Si za mfukoni kwake. Ukimwona anayakabidhi mabati yaliyotoka kwenye mfuko huo kana kwamba kauza ng'ombe wake, mwulize kwa upole.

Wenzetu Kenya walianza mapema zaidi, mwaka 2003, na mfuko wao ni mnono, angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Umejenga madarasa mengi, hakuna anayekataa. Lakini mwezi Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya huko ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume na Katiba. Moja ya sababu ni kwamba mtunga sheria hawezi tena kuwa mtekelezaji. Septemba 2024 Mahakama Kuu nayo ikaibatilisha sheria iliyofuata, ya mwaka 2015. Kwa lugha ya kijiweni: huwezi kucheza namba tisa na kushika filimbi katika mechi moja. Penalti zote zitakuwa zako.

KALAMU NI KUBWA KULIKO BANDO

Katiba yetu, ibara ya 63, inasema Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri serikali. Inampa mbunge ruhusa ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Bajeti ya nchi inapita mikononi mwake kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na kura ya mwisho hupigwa kwa kuitwa majina, mmoja mmoja. Ibara ya 90 inasema Bunge likiikataa bajeti Rais anaweza kulivunja. Uone uzito wa kura hiyo! Huyu ndiye mtu ambaye sisi, akija nyumbani, tunamwomba jezi.

Kama unadhani ni maneno matupu, kumbuka mwezi Februari 2008. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dakta Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Wabunge wachache, karatasi na maswali. Hakuna bando la bati duniani lililowahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Najua utakachosema. Utasema mwandishi kashiba, sisi walalahoi tunataka cha leo. Mtoto anaumwa usiku huu, sheria ya asilimia 10 itamsaidia nini? Ni kweli, na mwenye shida ya usiku huu aombe, na mwenye nacho atoe. Ninachokataa ni kijiji kizima, watu mia tatu wenye akili timamu chini ya mwembe mmoja, kutumia saa mbili za mwakilishi wao kuomba vitu vya dukani.

Basi nakupa maswali matatu. Yakate gazetini, yaweke mfukoni, akija uyatoe.

La kwanza: "Mheshimiwa, robo mwaka iliyopita kata yetu iliingiziwa fedha gani na halmashauri, na zimefanya nini?" Kama hajui, aje na mkurugenzi mara ijayo.

La pili: "Jambo letu hili ulilisema lini, wapi, na ukajibiwa nini?" Hapa hawezi kukudanganya kirahisi. Kila linalosemwa bungeni linaandikwa kwenye Taarifa Rasmi, ile Hansard, na zinasomeka kwenye tovuti ya Bunge. Kijana wako wa sekondari mwenye simu ya kupangusa anaweza kukutafutia.

La tatu, na ndilo linalouma: "Utarudi tarehe ngapi na jibu?" Tarehe iandikwe kwenye kumbukumbu za kijiji, watu waisikie.

Na asipokuja je? Msikae mkimsubiri. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria. Mapato na matumizi yasomwe pale. Kijiji kinachomshindwa mwenyekiti wake wa kila siku hakiwezi kumuuliza mbunge wa kila miezi mitatu.

Yule mama mwenye mtoto mgongoni hakujibiwa siku ile. Ila nilimwona mkutano ulipokwisha: wenzake watatu wenye sare walikuwa wamemzunguka, wanamuuliza hiyo asilimia nne ni kitu gani, na mmoja alikuwa na daftari. Swali likishaingia kwenye daftari la vikoba, mheshimiwa, jiandae.

Na mabati akileta tuyapokee, mvua haina siasa. Tuulize tu yametoka fungu gani, na darasa la pili linaezekwa lini.

Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo.